Mikono Iliyofundisha: Maisha ya Askofu Mkuu Fulton Sheen



Kati ya maswali tunayoulizana sisi waseminari tunapojiandaa kufundisha katekesi au kutoa tafakari, lipo moja linaloonekana dogo: mikono tuiweke wapi? Wapo wanaoificha mfukoni. Wapo wanaoshika mimbari kwa nguvu kana kwamba ni ukingo wa mtumbwi katika dhoruba. Wapo wanaoirusha huku na huko kama mtu anayefukuza nyuki, hata waamini wakaitazama mikono na kuisahau Injili. Siku hizi swali hili limekua, kwa sababu mafundisho mengi yanarekodiwa kwa simu na kutumwa mbali. Kamera husogea karibu, na kidole kinachocheza bila sababu huonekana na watu wengi kuliko wale walioketi kanisani.

Tumeona vema kulitazama swali hili kupitia maisha ya mtu aliyefundisha kwa sauti, kwa chaki na kwa mikono, na ambaye mafundisho yake yaliyorekodiwa zaidi ya miaka sitini iliyopita bado yanatazamwa hadi leo. Mtu huyo ni Askofu Mkuu Fulton John Sheen wa Marekani.

Mtoto wa Illinois

Fulton Sheen alizaliwa tarehe 8 Mei 1895 katika mji mdogo wa El Paso, jimbo la Illinois. Alibatizwa kwa jina la Peter, lakini akazoeleka kwa jina la Fulton, ambalo lilikuwa jina la ukoo wa mama yake, Delia. Utotoni aliugua kifua kikuu. Familia ilihamia Peoria ili watoto wapate shule ya Kikatoliki, na huko kijana Fulton akatumikia altareni katika Kanisa Kuu. Baada ya sekondari, aliyoimaliza mwaka 1913, aliingia Chuo cha Mtakatifu Viator kilichokuwa Bourbonnais.

Chuoni alichaguliwa kuingia katika timu ya midahalo. Hapo ndipo alipopata somo ambalo hakulisahau, na ambalo yeye mwenyewe alilisimulia uzeeni. Usiku wa kuamkia mdahalo na Chuo Kikuu cha Notre Dame, padre aliyekuwa akiwafundisha alimwita na kumwambia wazi kwamba hajawahi kusikia msemaji mbaya kama yeye. Kijana akauliza kwa nini basi alichaguliwa. Akajibiwa kwamba alichaguliwa kwa kuwa anajua kufikiri, kusema hajui. Kisha padre akamsimamisha pembeni na kumtaka arudie aya moja ya hotuba yake. Akairudia mara nyingi, kwa muda mrefu, kila mara akiulizwa kama ameona kosa lake. Mwishowe, akiwa amechoka kabisa, alitambua: alikuwa akiigiza. Hakuwa yeye mwenyewe. Padre akamwachia aende kulala.

Tukio hili tunaliona kuwa mlango wa maisha yake yote. Wakati ule hotuba zilifundishwa kama sanaa ya jukwaani, kila hisia ikiwa na sauti yake na mkao wake. Sheen alijifunza mapema kwamba ishara iliyobandikwa juu ya maneno kama kiraka haimfundishi mtu. Kwanza mwalimu alielewe na kulipenda jambo lenyewe. Sauti na mikono vitafuata.

Mwanafalsafa wa Louvain

Baada ya masomo katika Seminari ya Mtakatifu Paulo huko Minnesota, alipewa daraja ya upadre tarehe 20 Septemba 1919. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani mjini Washington, kisha akavuka bahari kwenda Louvain, Ubelgiji, mahali palipokuwa kitovu cha kufufua falsafa ya Mtakatifu Thoma wa Akwino. Mwaka 1923 alipata shahada ya udaktari wa falsafa, na akawa Mmarekani wa kwanza kupewa tuzo ya falsafa yenye jina la Kardinali Mercier. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1925, kilizungumzia Mungu na akili katika falsafa ya kisasa, na utangulizi wake uliandikwa na G. K. Chesterton.

Vyuo vikubwa vilimtaka. Askofu wake akamwita nyumbani na kumpa kazi ya paroko msaidizi katika parokia maskini ya Mtakatifu Patrisi mjini Peoria. Daktari wa falsafa akatembea nyumba kwa nyumba. Baada ya miezi michache askofu alimweleza kwamba alitaka kujua kama mafanikio yamempandisha kichwa na kama bado anaweza kutii. Alipoona anaweza, akamruhusu aende kufundisha Washington.

Katika chuo kikuu hicho alifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi mwaka 1950. Alikuwa na kanuni moja: hakusoma karatasi mbele ya wanafunzi. Alijiandaa kwa saa nyingi, akaandika, akachana alichoandika, akaandika upya, kisha akasimama bila kitu mkononi. Hebu tufikirie maana yake. Mkono ulioshika karatasi umefungwa, na jicho linalosoma karatasi haliwezi kumtazama mwanafunzi. Mkono ulio huru unaweza kupima urefu, kutenganisha hoja mbili, kuhesabu sababu, kuonesha chanzo na matokeo.

Sisi tunaosoma falsafa tunajua kwamba kwa Mtakatifu Thoma maarifa ya mwanadamu huanzia kwenye milango ya fahamu. Akili yetu hailifikii wazo tupu bila kwanza kuona, kusikia au kugusa. Ndiyo maana mwalimu hutafuta mfano, huchora, huonesha kwa mkono. Mtakatifu Augustino naye, katika mazungumzo na mwanae Adeodatus juu ya mwalimu, alilichambua tendo dogo la kuuonesha ukuta kwa kidole. Alionesha kwamba kidole si ukuta. Ni alama inayoelekeza jicho lipate kuuona ukuta. Fundisho hili ni fupi, lakini ndani yake mna kipimo cha kila ishara tunayoifanya mbele ya watu. Je, wanaotutazama wanaishia kwenye kidole, au wanauona ukuta?

Miaka ya mikono isiyoonekana

Mwaka 1930 Padre Sheen alianza kuhubiri katika kipindi cha redio kilichoitwa Saa ya Kikatoliki, kilichorushwa na kampuni ya NBC. Aliendelea nacho kwa takribani miaka ishirini, na mamilioni ya watu, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, walimsikiliza.

Redio haina mikono. Msikilizaji aliyeko jikoni au shambani hamwoni msemaji akinyoosha kidole. Kwa hiyo kazi yote iliyofanywa na mkono darasani ilibidi ifanywe na neno: mfano ulio wazi, sentensi fupi, kituo cha kupumua. Tunaamini miaka hii ilimsaidia sana. Mtu aliyejifunza kueleweka gizani hategemei tena ishara kuficha udhaifu wa hoja. Mwalimu akitaka kujipima leo, anaweza kurekodi somo lake kwa sauti tu, bila picha, akalisikiliza. Likieleweka hivyo, mikono itakapoongezwa itakuwa nyongeza ya kweli.

Katika miaka hiyo hiyo alifundisha pia watu mmoja mmoja waliotaka kuingia Kanisani. Miongoni mwao walikuwamo mwandishi wa habari Heywood Broun, Louis Budenz aliyekuwa mhariri wa gazeti la Wakomunisti, na mwanasiasa Clare Boothe Luce. Sebuleni, mbele ya mtu mmoja mwenye maswali makali, hakuna jukwaa wala umati. Msemaji wa redio aliyezoea mamilioni alirudi mara kwa mara kwenye kiti kilichokabili kiti kingine.

Rozari yenye rangi tano

Mwaka 1950 alipewa kuongoza, nchini Marekani, Shirika la Kipapa la Uenezaji wa Imani, kazi aliyoifanya hadi 1966. Hapa maisha yake yanatugusa sisi wa Afrika moja kwa moja, kwa maana ni shirika lile lile tunalolikumbuka kila mwaka katika Jumapili ya Kimisioni.

Mwaka 1951 alianzisha Rozari ya Kimisioni. Wasomaji wengi wanayo nyumbani. Kila fungu la kumi lina rangi yake: kijani kwa Afrika, nyekundu kwa mabara ya Amerika, nyeupe kwa Ulaya, buluu kwa Oseania, na njano kwa Asia. Tuitazame kama walimu. Sheen alitaka mwamini wa kawaida ajifunze kuubeba ulimwengu mzima katika sala. Angeweza kuandika makala ndefu juu ya jambo hilo. Akachagua kuliweka kwenye vidole vya watu. Bibi asiyejua kusoma ramani huizunguka dunia kwa mkono wake, punje kwa punje. Katika ishara hii mkono unaofundishwa ni wa mwanafunzi mwenyewe, na walimu wa watoto wadogo wanajua nguvu yake. Mtoto anayehesabu kwa vidole, anayefanya ishara ya msalaba taratibu akitaja Nafsi tatu, hujifunza kwa mwili kile ambacho akili yake itakielewa polepole.

Jumanne saa mbili usiku

Tarehe 11 Juni 1951 Sheen aliwekwa wakfu mjini Roma kuwa Askofu msaidizi wa New York. Miezi michache baadaye, mwezi Februari 1952, kampuni ya televisheni ya DuMont ilimpa nusu saa kila Jumanne saa mbili usiku. Kipindi kiliitwa Maisha Yana Thamani. Saa hiyo ilikuwa mbaya, kwa sababu kampuni nyingine ilikuwa ikimwonesha Milton Berle, mchekeshaji aliyependwa kuliko wote, na hakuna aliyetarajia askofu apate watazamaji. Walipatikana mamilioni. Mwaka huo huo jarida la Time liliweka picha yake kwenye jalada, na mwanzoni mwa 1953 akapewa tuzo ya Emmy. Inasimuliwa kwamba katika kuipokea aliwashukuru waandishi wake wanne: Mathayo, Marko, Luka na Yohane.

Jukwaa lilikuwa na vitu vichache mno: chumba kilichopangwa kama maktaba, sanamu ya Bikira Maria, na ubao. Askofu aliingia amevaa kanzu, msalaba kifuani, na joho refu mabegani. Hakuwa na karatasi wala maandishi ya kusoma kwenye mashine. Kipindi kilirushwa moja kwa moja, kwa hiyo kosa lisingeweza kufutwa. Kabla ya siku yenyewe alikuwa na desturi ya kueleza mada yake kwa Kiitaliano kwa rafiki mmoja, na kwa Kifaransa kwa mwingine. Mtu anayelazimika kuieleza hoja katika lugha nyingine hawezi kujificha nyuma ya maneno aliyoyakariri. Lazima ailewe hoja yenyewe.

Filamu za vipindi vile bado zipo. Wakati ule walipiga filamu ya picha iliyokuwa ikionekana kwenye kioo cha televisheni, kwa hiyo ubora wake ni hafifu, weusi na weupe wenye ukungu. Hata hivyo, anayezitazama leo anaweza kujifunza mambo kadhaa.

La kwanza, mikono yake hupumzika. Kwa muda mrefu imeunganishwa kifuani au imetulia. Kwa sababu hiyo inapofunguka, mtazamaji anajua kwamba jambo fulani limefika. Ishara nyingi mfululizo ni kama kengele inayopigwa mchana kutwa: mwishowe hakuna anayejua ni saa ya Misa.

La pili, ishara zake zina kazi. Mkono mmoja unashika wazo la kwanza upande huu, mwingine unashika la pili upande ule, na mtazamaji anaona tofauti kabla hajaielewa. Watafiti wa elimu wa siku zetu, kama Susan Goldin-Meadow wa Chuo Kikuu cha Chicago, wameonesha kwamba watoto hujifunza hesabu vizuri zaidi mwalimu anapoambatanisha maelezo yake na ishara za mikono zinazolingana nayo. Sheen alilijua hilo kwa mazoea ya darasani.

La tatu, ubao. Juu yake aliandika herufi za majina ya Yesu, Maria na Yosefu, kama wanafunzi wa shule za Kikatoliki walivyozoea kufanya kwenye madaftari yao. Kisha alichora, na michoro yake ilikuwa mibaya, naye aliitania mwenyewe. Ubao ulipojaa alisogea mbele kuzungumza, na mfanyakazi wa studio akaufuta nje ya macho ya kamera. Askofu aliwaambia watazamaji kwamba aliyeufuta ni malaika wake. Malaika huyo akawa maarufu nchi nzima. Watu walicheka, wakatulia, na baada ya kicheko fundisho zito likaingia.

La nne ni mwisho. Alipofikia kilele alinyoosha mikono yote miwili, joho likafunguka, akawaombea watazamaji upendo wa Mungu, akaondoka. Hapa wapo waliomlaumu. Walisema ni maigizo, kwamba joho na macho yale makali vilimtangaza askofu kuliko Kristo. Lawama hiyo tusiitupe haraka. Yeye mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1980 baada ya kifo chake, alikiri kwamba majivuno yalimwandama na kwamba alipenda kusifiwa. Mtu aliyekuwa bingwa wa ishara alijua hatari yake: kidole kinaweza kuanza kujipenda, na ukuta ukasahauliwa. Mapato ya televisheni, hata hivyo, aliyapeleka kwenye misioni.

Kipindi kile kiliendelea hadi mwaka 1957, miaka miwili ya mwisho kikiwa katika kampuni ya ABC. Miaka ya sitini alirudi kwenye televisheni na vipindi vingine, baadaye kwa rangi.

Ishara isiyotosha

Baada ya kushiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Sheen aliteuliwa mwaka 1966 kuwa Askofu wa Jimbo la Rochester, katika mkoa wa New York. Alikuwa na miaka 71. Alitaka Kanisa lionekane likiwa karibu na maskini, na mwaka 1968 aliamua kutoa mali ya parokia ya Mtakatifu Brijida kwa serikali ili zijengwe nyumba za watu wenye kipato kidogo. Ilikuwa ishara kubwa, labda kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Lakini wanaparokia hawakushirikishwa. Walipinga kwa nguvu, na askofu akalazimika kurudi nyuma. Mwaka 1969 aliomba kung'atuka, Papa Paulo VI akaridhia na kumpa hadhi ya Askofu Mkuu.

Waandishi wengine hupita ukurasa huu haraka. Sisi tunaona ni muhimu kwa yeyote anayejiandaa kuwa mchungaji. Kwenye televisheni mwalimu hunyoosha mkono na mtazamaji hawezi kujibu. Parokiani watu wapo, wana historia yao na jasho lao katika kila tofali. Mkono unaojua kuonesha njia haujawa bado mkono unaojua kushika mkono wa mwingine na kumsikiliza. Mafundisho yaliyorekodiwa, hata yawe mazuri namna gani, hayawezi kuchukua nafasi ya kikao cha jumuiya ndogo ndogo.

Mikono iliyokunjwa

Tangu alipopewa upadre hadi kufa, miaka sitini, Sheen aliweka saa moja kila siku mbele ya Ekaristi Takatifu. Aliiita Saa Takatifu, na katika miaka yake ya mwisho aliwahimiza mapadre popote alipowapa mafungo waishike desturi hiyo. Mafungo yake mengi yalirekodiwa kwenye kanda za sauti, kwa hiyo uzeeni alirudi pale alipokuwa redioni: sauti peke yake, mikono isiyoonekana.

Mwaka 1977 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo. Tarehe 2 Oktoba 1979 Papa Yohane Paulo II alipoingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrisi, New York, mzee huyu alimwendea, na Papa akamkumbatia mbele ya waamini wote. Tarehe 9 Desemba mwaka huo huo alifariki dunia katika kikanisa cha nyumbani kwake, mbele ya Sakramenti Kuu. Papa Benedikto XVI alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa mwaka 2012, na mwaka 2019 mwili wake ulihamishiwa Kanisa Kuu la Peoria, alikotumikia altareni akiwa mtoto.

Tunajifunza nini?

Kwa ndugu zetu waseminari, na kwa makatekista wanaosoma makala hii, tunaona mambo manne ya kuchukua.

Kwanza, tujiandae mpaka karatasi iweze kuwekwa chini. Mikono huhangaika pale akili isipojua inakokwenda.

Pili, tuiache mikono ipumzike, tuiinue pale jambo linapotaka kuonekana. Tunaporekodi, tuhakikishe mikono iko ndani ya picha pamoja na uso, na ubao au karatasi tunayoonesha inasomeka. Ishara inayokatwa na ukingo wa kioo humsumbua mtazamaji bure.

Tatu, tusiige. Sheen alikuwa na joho na macho yake. Akiigwa, anakuwa kichekesho. Padre yule wa Bourbonnais alimkesha kijana wake ili amtoe kwenye kuiga, na sisi tusirudi huko.

Nne, tuipime kila ishara kwa kipimo cha Mtakatifu Augustino. Baada ya somo au homilia, tuwaulize wasikilizaji wanakumbuka nini. Wakikumbuka namna tulivyorusha mikono, tumewaonesha kidole. Wakilikumbuka neno la Bwana na kutaka kulishika, basi wameuona ukuta.

Siku ya upadrisho mikono yetu, Mungu akitujalia, itapakwa mafuta matakatifu. Itabariki, itaondolea dhambi, itaumega Mwili wa Bwana. Mikono ya namna hiyo inastahili kufundishwa tangu sasa, darasani, mbele ya kamera, na zaidi ya yote ikiwa imekunjwa mbele ya tabernakulo.